Nati za Alumini au za Chuma: Jinsi ya Kuchagua Nati za Magurudumu kwa Gari la Mombasa

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia jirani wa Tudor kuvalisha Toyota Fielder yake rimu za aloi zilizokwisha kutumika, ambazo aliuziwa bila nati. Msimamo wangu nautaja mapema: kwa gari linalolala nje karibu na bahari, na ambalo tairi zake hufunguliwa na fundi wa pancha kwa mashine ya upepo, chukua nati za chuma. Hata hivyo, kabla ya kufikia swali la metali, yapo mambo mawili ambayo yakikosewa, hata nati ya bei ghali kuliko zote haitalishika gurudumu.

Hatua ya kwanza: kipimo cha hesi

Magari mengi yanayoshushwa Kilindini kutoka Japani yana studi (vyuma vinavyochomoza kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, ambavyo nati hukazwa juu yake) za milimita 12, lakini hesi zake, yaani mistari ya kuzungushia nati, hazifanani. Toyota ndogo, Honda, Mazda na Mitsubishi kwa kawaida hutumia 12 × 1.5 (namba ya kwanza ni unene wa studi, ya pili ni nafasi kati ya hesi, zote kwa milimita), ilhali Nissan, Subaru na Suzuki hutumia 12 × 1.25. Land Cruiser ya mfululizo wa 200 ina studi nene zaidi, 14 × 1.5. Magari mengi ya Ulaya, kama vile Volkswagen na Mercedes, hayatumii nati bali bolti zinazoingia moja kwa moja kwenye habu, kwa hiyo mwongozo huu hauyahusu.

Nati ya 1.5 ikiwekwa kwenye studi ya 1.25 huzunguka raundi moja au mbili kisha hukwama. Anayetumia mikono atahisi ukinzani na kuacha. Anayetumia mashine ya upepo ataendelea, na studi itaharibika. Nati sahihi lazima izunguke kwa vidole hadi ikae.

Hatua ya pili: kitako cha nati

Hapa ndipo kazi ya jirani yangu ilipochukua mchana mzima, na ndipo ninapomwomba msomaji asiharakishe. Kitako ni ile sehemu ya nati inayogusa tundu la rimu, na kina maumbo matatu yanayopatikana sokoni. La kwanza ni la pia, yaani la koni, lililochongoka kwa nyuzi 60, ambalo hutumika kwenye rimu nyingi za chuma na karibu rimu zote za aloi zisizo za kiwanda. La pili ni la mviringo kama sehemu ya mpira, ambalo Honda huliweka kwenye rimu zake za kiwandani. La tatu ni bapa, lenye washa (pete bapa ya chuma) na shingo inayozama ndani ya tundu, ambalo hukutwa kwenye rimu nyingi za aloi za kiwanda za Toyota.

Maumbo haya hayabadilishani, na ubaya ni kwamba yanaonekana kukubaliana. Nati ya mviringo ya Honda ikikazwa kwenye tundu la pia hugusa mstari mwembamba tu badala ya uso mzima. Itakaza, itatoa mlio wa kuridhisha, na gari litaondoka vizuri. Baada ya safari kadhaa mstari huo mwembamba huliwa, mkazo hupungua, na usukani huanza kutetemeka. Nati bapa yenye washa kwenye tundu la pia ni mbaya zaidi, kwa sababu washa hukaa juu ya ukingo wa tundu na hakuna kinacholiweka gurudumu katikati.

Kuangalia kwa macho hakutoshi, hasa ndani ya tundu lenye vumbi la breki. Njia ninayoiamini ni ya wino. Safisha tundu, paka kitako cha nati wino wa kalamu nene ya maka, iache ikauke kidogo, kisha ikaze kwa mkono na spana fupi huku gurudumu likiwa limekaa sawasawa kwenye habu. Ifungue na utazame. Wino ukiwa umekwaruzwa kwa mkanda mpana unaozunguka pande zote, vitako vinalingana. Ukiona mstari mmoja mwembamba, au upande mmoja tu umeguswa, hiyo siyo nati ya rimu hiyo, hata muuzaji aape vipi. Jaribio lirudiwe kwenye matundu yote ya angalau rimu moja, kwa kuwa rimu iliyokwisha kutumika inaweza kuwa na tundu moja lililopanuka kutokana na mwenye gari wa zamani kuendesha nati zikiwa zimelegea. Rimu ya namna hiyo hairekebishwi kwa nati, irudishwe dukani.

Tahadhari nyingine inahusu rangi. Rimu nyingi zilizotumika hupigwa rangi upya kabla ya kuuzwa, na fundi wa rangi mara nyingi hazibi matundu. Tabaka nene la rangi chini ya kitako husagika baada ya siku chache, na mkazo uliokuwa sahihi unapotea bila nati kuzunguka. Ikwangue rangi hiyo kutoka kwenye uso wa kitako peke yake, kwa msasa laini, bila kula metali. Rimu za jirani yangu zilikuwa hivyo, matundu yote 20.

Hatua ya tatu: metali

Uzito wa alumini ni takriban theluthi moja ya uzito wa chuma kwa ujazo ule ule, na hiyo ndiyo sifa inayotangazwa. Kwa nati 20, hata hivyo, tofauti kwa kawaida haifiki kilo moja, tena nati zimekaa karibu na kitovu cha gurudumu, ambapo uzito hauna athari kubwa katika mzunguko. Dereva wa kawaida kwenye foleni ya Likoni hatahisi chochote.

Hasara zake ni bayana zaidi. Hesi ya alumini ni laini kuliko studi ya chuma, kwa hiyo kila kufungua na kukaza huila kidogo, na mashine ya upepo huimaliza haraka. Pili, alumini na chuma zikigusana mahali penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Katika hewa yetu ya pwani, unga mweupe hujikusanya ndani ya hesi na nati hung'ang'ania studi; ukiilazimisha, hutoka pamoja na hesi yake. Ni kweli kwamba nati ya chuma nayo inagusana na rimu ya alumini, lakini rimu ina unene mwingi wa kupoteza, hesi ya nati haina.

Anayetaka alumini kwa ajili ya mashindano au mapambo, na ambaye hufungua magurudumu yake mwenyewe, achukue zilizotengenezwa kwa aloi ya alumini ya 7075-T6, ambayo nguvu yake inakaribia mara mbili ya aloi ya 6061-T6. Nati isiyotajwa aina ya aloi ichukuliwe kuwa ya aina dhaifu.

Kwa upande wa chuma, nunua nati ya kipande kimoja. Zipo zenye kofia nyembamba ya kung'aa iliyovalishwa juu ya chuma. Unyevu hupenya chini yake, kutu huvimba, na siku ya pancha soketi ya 21 haiingii tena na ya 22 inateleza. Mimi sizinunui hata kwa nusu bei. Zenye mipako ya zinki au nyeusi hazipendezi sana, lakini hudumu.

Hatua ya nne: urefu na soketi

Hesi iliyoshika iwe angalau sawa na unene wa studi: kwa 12 × 1.5 ni raundi 8 kamili, na kwa 12 × 1.25 ni karibu 10. Ikiwa studi ni ndefu, hakikisha haigongi mwisho wa nati iliyozibwa, kwani itaonekana imekaza ilhali rimu bado iko huru. Soketi nayo ipite ndani ya tundu bila kukwaruza. Nati nyembamba zenye ufunguo maalumu nazikwepa, maana ufunguo ukipotea Mariakani usiku hakuna atakayekusaidia.

Hatua ya tano: kukaza

Tumia spana ya kupima nguvu. Toyota Corolla na nduguze huhitaji Nm 103 (Nm ni newtonmita, kipimo cha nguvu ya kukaza), Honda Fit Nm 108. Kwa alumini, fuata kiwango cha aliyezitengeneza. Kaza kwa kuruka nati, si kwa kufuatana. Studi ziwe kavu, maana grisi hufanya mkazo uzidi kipimo kinachosomeka. Kaza tena baada ya kilomita 80 hadi 100, gurudumu likiwa limepoa.

Tairi la akiba lisisahauliwe: ikiwa kitako chake hakilingani na nati mpya, nati za zamani zikae butini. Nati za alumini zikaguliwe kila gurudumu linapofunguliwa, na ile isiyozunguka tena kwa vidole hadi kwenye kitako itupwe.