Skrini mbili na kadi ya picha isiyopumzika
Kama una skrini mbili, moja ya Hz 144 (yaani picha 144 kwa sekunde) na nyingine ya Hz 60, ingia kwenye mipangilio ya skrini uishushe ile ya 144 hadi 120. Kwangu, kompyuta ikiwa imetulia tu, kadi ilikuwa inakula wati 38; nilipobadilisha ikashuka hadi 13 na feni zikanyamaza kabisa. Kadi hubadilisha kasi ya memori yake katika ule upenyo mfupi kati ya picha moja na inayofuata, ili skrini isipepese. Skrini zisizoendana, kama 144 na 60, hazipati upenyo huo kwa pamoja, kwa hiyo draiva (programu inayoiendesha kadi) huiacha memori ikikimbia kasi ya juu muda wote. Wati 25 si ndogo: kwa saa 10 kila siku ni uniti 7.5 za Luku kwa mwezi.

Hakikisha kwa GPU-Z, programu inayoonyesha hali ya kadi, na uangalie kasi ya memori, si wati peke yake. Funga video kwanza, maana nayo huipandisha.

Haikubali kwa kila jozi. Skrini zenye resolusheni tofauti zinaweza kugoma hata Hz zikilingana. Hapo chomeka ya pili kwenye tundu la HDMI la mazabodi, ibebwe na grafiki za prosesa. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni, kama i5-12400F, hazina grafiki, hivyo njia hiyo kwako imefungwa.