Picha Tatu Nyeusi na Nyeupe, Picha Moja ya Rangi: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kufyatua

Filamu nyeusi na nyeupe inaweza kukupa picha ya rangi. Unapiga kitu kilekile mara tatu, kupitia kichujio chekundu, cha kijani, kisha cha bluu. Baadaye unazipandanisha picha hizo, kila moja ikipewa rangi ya kichujio chake. James Clerk Maxwell aliionyesha njia hii London mwaka 1861, kwa picha ya utepe wa mirabaraba iliyopigwa na Thomas Sutton. Ukitengeneza vichujio mwenyewe, kazi karibu yote iko kwenye maandalizi.

Anza na vichujio, na usiviamini kwa kuvitazama tu. Karatasi angavu za kufungia zawadi zinafaa, lakini nyingi hupitisha rangi zisizotakiwa. Pandanisha kipande chekundu na cha bluu, kisha uvielekeze dirishani mchana. Ukiona karibu giza tupu, uko salama. Ukiona wekundu mzito unapenya, karatasi ya bluu inavujisha. Ongeza tabaka la pili. Ikiendelea kuvujisha hata kwa matatu, achana nayo, tafuta nyingine. Jaribu pia nyekundu na kijani. Kijani na bluu zitaachia mwanga kidogo hata zikiwa nzuri, hilo lisikutishe.

Mara ya kwanza niliruka jaribio hili. Kanga nyekundu ya mama ikatoka zambarau, kwa sababu karatasi yangu ya bluu ilipitisha wekundu wake, na filamu ikauhesabu kama bluu. Iliniuma, maana nilitaka kumpa picha ile.

Nyoosha karatasi isiwe na mkunjo hata mmoja, maana mkunjo huharibu ukali wa picha. Zibandike kwenye fremu tatu za boksi la viatu zenye ukubwa sawa, tundu likiwa pana kuliko lenzi, ili uzibadilishe bila kuigusa kamera.

Kwenye filamu, hakikisha ni panikromatiki, yaani inayoona rangi zote. Ilford HP5 Plus na FP4 Plus ni za aina hiyo. Ziko filamu zisizoona nyekundu kabisa, na kwa hizo utahangaika bure. Hata kemikali za Sutton karibu hazikuona nyekundu. Picha yao ilifanikiwa kwa sababu wekundu wa utepe ulirudisha pia miali ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho, na kichujio chao chekundu kikaipitisha. Usitegemee bahati ya namna hiyo.

Kila kichujio hula mwanga kwa kiasi chake. Chekundu kizito huhitaji muda wa takriban mara 8, kwa hiyo sekunde 1/500 inakuwa 1/60. Vya nyumbani havina kipimo cha kiwandani, basi piga karatasi nyeupe kupitia kila kimoja kwa muda tofauti, usafishe filamu, uchague muda unaoifanya karatasi iwe na weusi uleule kwenye negativu zote tatu, yaani filamu iliyosafishwa, ambamo penye mwanga huwa peusi. Badilisha kasi ya shata tu, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga. Tundu la lenzi na fokasi viache palepale.

Stendi ya miguu mitatu ni ya lazima, na tumia taima ili mkono usiitikise kamera. Chagua siku isiyo na mawingu yanayopita, maana jua likififia katikati ya picha ya pili, rangi zote zinaharibika. Kinachotembea kitaacha vivuli vya rangi. Tazama picha za Sergei Prokudin-Gorsky, aliyezunguka himaya ya Urusi kwa njia hii kuanzia mwaka 1909: maji ya mito yake yana michirizi myekundu, ya kijani na ya bluu. Kwangu michirizi ile ni mizuri mno, ila usoni mwa mtoto haipendezi.

Wakati wa kuskani, zima marekebisho ya otomatiki. Programu ya bure ya GIMP inatosha kuziunganisha.

Mwisho, weka nyanya mbivu na pilipili hoho ya kijani kwenye kona ya picha. Negativu hazina rangi, na ukichanganya mpangilio utachanganyikiwa. Ziinue kwenye mwanga: ile ambayo nyanya imekuwa nyeusi kuliko kwenye nyingine ndiyo ya kichujio chekundu. Ambayo hoho imezidi weusi ni ya kijani, na iliyobaki ni ya bluu.