Kuchagua seti ya kwanza ya kufungulia makufuli bila ufunguo, na sheria inavyoitazama

Kabla ya kununua seti ya vyuma vya kufungulia makufuli, mkazi wa Tanga aitazame kwanza milango ya nyumba yake mwenyewe, kwa sababu huenda vyuma hivyo visifungue hata mmoja. Milango mingi ya mbao ina vitasa vilivyochimbiwa ndani ya ubao, vyenye ufunguo mrefu wa shina la duara na meno mwishoni. Ndani ya kitasa cha namna hiyo mna bamba za chuma zinazoinuliwa, si pini. Seti zinazouzwa kwa wanaoanza zimetengenezwa kwa ajili ya kufuli la pini, yaani lile la shaba linalofungiwa geti au fremu ya duka, ambalo ufunguo wake ni bapa na mfupi.

Kufuli la pini tulilonalo leo linatokana na kazi ya Linus Yale Jr. wa Marekani, aliyepewa hataza mwaka 1861. Ndani yake kuna silinda inayozunguka, pamoja na pini zilizogawanywa vipande viwili viwili, kila moja ikisukumwa na springi yake. Ufunguo sahihi huinua kila pini mpaka mgawanyiko wake ulingane na ukingo wa silinda, na hapo silinda huzunguka. Asiye na ufunguo hulazimika kuifanya kazi hiyo pini moja baada ya nyingine: huikaza silinda kidogo sana kwa chuma kimoja, huku akiinua pini kwa chuma cha pili. Kwa kuwa hakuna kiwanda kinachotoboa matundu yaliyonyooka kabisa, daima kuna pini inayobana kabla ya wenzake, na hiyo ndiyo ya kuanza nayo.

Ukishalielewa hilo, utaona kwamba seti za vipande ishirini au thelathini ni hasara. Anayeanza anahitaji ndoana moja fupi ya kuinulia pini, reki moja yenye mawimbi kwa ajili ya makufuli dhaifu, na vyuma viwili vya kukazia, kimoja cha kukaa chini ya tundu la ufunguo na kingine cha kukaa juu. Vyuma vya kukazia ndivyo vinavyodharauliwa na wanunuzi, ilhali kwa maoni yangu ndivyo vinavyoamua kama mtu atajifunza au atakata tamaa. Kikiwa kinalegea ndani ya tundu, mkono hausikii chochote.

Unene nao uangaliwe. Vyuma vingi vina unene wa milimita 0.6 hivi, ambao unatosha katika tundu pana, lakini makufuli yenye tundu jembamba lililopindapinda huhitaji milimita 0.4. Ubao wa kawaida wa msumeno wa chuma una unene unaokaribia ule wa kwanza, na kwa sababu hiyo fundi mwenye jiwe la kunolea anaweza kukuchongea ndoana kutokana na kipande cha msumeno uliokwisha meno, mradi akichovye majini kila mara kisipate moto mpaka kikalainika. Vipande virefu vya chuma vilivyomo ndani ya mpira wa waipa za gari hufaa kwa kukazia. Kingo zote zipigwe msasa laini mpaka ziwe nyororo, kwani ncha yenye mikwaruzo hukwama kwenye pini na kumdanganya mwenye kuishika.

Kwa mji wa pwani kuna jambo ambalo maelezo ya wauzaji wa mbali hayaligusi, nalo ni chumvi. Seti yangu ya kwanza ilikuwa ya chuma cha springi kisichopakwa chochote. Niliiacha kwenye mtoto wa meza karibu na dirisha linaloelekea baharini, na msimu wa kusi ulipokwisha ilikuwa imeshika kutu kiasi cha kuchafua tundu la kila kufuli. Nunua cha pua kisichoshika kutu, hata kikizidi bei, au ukifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kila baada ya kukitumia.

La kujifunzia liwe kufuli dogo la shaba la sokoni, jipya, lenye pini tatu au nne. Usijaribu kufuli linalotumika, hata kama ni lako, kwa kuwa ncha ikikatikia ndani utalala nje ya nyumba yako. Na la mtu mwingine usiliguse pasipo ruhusa yake.

Kuhusu sheria, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya Sheria za Tanzania, inazungumzia mtu anayekutwa na chombo cha kuvunjia nyumba, na inatofautisha usiku na mchana. Mchana, kosa linategemea nia ya kutenda uhalifu. Usiku, kuwa nacho bila sababu halali kunatosha, na mzigo wa kuithibitisha sababu hiyo unamwangukia aliyekutwa nacho. Uingereza, kwa mfano, sheria ya wizi ya mwaka 1968 inamgusa anayebeba zana hizo nje ya makazi yake kwa lengo la kuiba, na Japani tangu mwaka 2003 inakataza hata kuwa nazo bila sababu ya msingi. Kwa hiyo usiyachukue maelezo ya nchi nyingine ukayafanya yako.

Polisi wa doria akikuta seti mfukoni saa nne za usiku hatafikiria burudani, bali ule ufunguo ambao mitaani huitwa ufunguo malaya. Ziweke nyumbani pamoja na risiti na lile kufuli la mazoezi, na mjulishe mwenyekiti wa mtaa kwamba unajifunza. Fundi anayeitwa usiku na mteja aliyejifungia nje abebe leseni ya biashara na kitambulisho, na ahifadhi namba ya simu ya aliyemwita; akifika, amtake mteja athibitishe mbele ya jirani kwamba nyumba ni yake, kabla hajafungua mkoba wa vyuma.