Kupima upungufu wa ufanisi wa viwanda vya samaki kwa data za paneli

Anayetaka kujua ni kiwanda kipi cha minofu ya sangara jijini Mwanza kinachozalisha chini ya uwezo wake asitosheke na kulinganisha kilo za minofu, kwa maana huenda chenye minofu michache kilipokea samaki wachache tu. Modeli ya mpaka nasibu wa uzalishaji (mpaka ni kiwango cha juu kinachoweza kuzalishwa), iliyotolewa mwaka 1977 na Aigner, Lovell na Schmidt, na mwaka huohuo na Meeusen na van den Broeck, hutenganisha mambo haya: logi (logarithi) ya minofu ni mchango wa samaki wabichi, saa za vibarua na umeme, kujumlisha v, yaani misukosuko ya nasibu kama vile dhoruba ziwani, kutoa u, ambayo haishuki chini ya sifuri na ndiyo upungufu wa ufanisi.

Anza na madaftari ya viwanda, na uyakague kwa subira; rekodi za viwanda vilevile kwa vipindi vingi ndizo data za paneli. Samaki wakiandikwa kwa kilo mwezi huu na kwa kreti mwezi unaofuata, kosa la karani litasomeka kama uzembe wa kiwanda. Kisha endesha regresheni ya kawaida, isiyotenganisha u na v, na utazame mgawanyo wa masalia yake, yaani tofauti kati ya logi ya minofu halisi na ile iliyokadiriwa: mkia mrefu ukiwa kushoto, u ipo, ukiwa kulia, rudi kwenye data kabla ya kuendelea.

Uamuzi mgumu ni kuhusu tofauti zinazodumu. Modeli ya Pitt na Lee ya mwaka 1981 huichukulia u kuwa haibadiliki, na ile ya Battese na Coelli ya mwaka 1992 huiacha ipande au ishuke kadiri muda unavyokwenda; lakini zote mbili huhesabu kila tofauti ya kudumu kuwa upungufu. Kiwanda kinachotegemea sangara wa visiwa vya Ukerewe, wanaofika kwa boti wakiwa wamelazwa kwenye barafu, huonewa hapo, kwa sababu umbali si kosa la meneja. Modeli ya Greene ya mwaka 2005 huiondoa tofauti hiyo, ila huusamehe pia usimamizi mbovu wa miaka kumi. Binafsi hukadiria zote, na paneli ikiwa ndefu hutumia modeli ya sehemu nne, inayotenganisha upungufu wa kudumu, upungufu wa muda, tofauti za kudumu zisizo kosa la kiwanda, na misukosuko ya nasibu.

Mwishoni kokotoa u ya kila kiwanda kwa kanuni ya Jondrow na wenzake ya mwaka 1982. Ikiwa 0.22, ufanisi, yaani e kwa kipeo cha −u, ni takriban 0.80: kiwanda kinatoa asilimia 80 ya minofu ambayo samaki, vibarua na umeme uleule vingeweza kutoa. Usikiweke chini ya chenye 0.83 kabla hujatazama vipindi vyao vya uhakika, yaani masafa ambamo ufanisi halisi wa kila kimoja huenda umo, kwa kuwa mara nyingi huingiliana.