Namna ya kujibu maswali yasiyohusu kazi kwenye fomu ya maombi

Unaomba kazi ya uhasibu, fomu inakuuliza daraja la leseni yako ya udereva. Chanzo cha kero hii kwa kawaida ni kwamba taasisi hutumia fomu moja ya mtandaoni kwa nafasi zote, na aliyeitengeneza siye atakayekusaili. Kuudhika ni haki yako, lakini usijibu kwa hasira: baadhi ya maswali yanayoonekana ya ovyo ndiyo yanayochuja waombaji.

Kwanza pitia fomu yote bila kuituma, nakili maswali kwenye faili yako na uyajibie huko. Fomu nyingi hujifunga zikikaa muda bila kuguswa, na ulichoandika kinapotea. Angalia pia kikomo cha herufi, kwa sababu mara nyingi nafasi kati ya maneno nazo huhesabiwa.

Halafu tafuta maswali ya mchujo. Huwa ni ya ndiyo au hapana, ya namba, au ya kuchagua: una kibali cha kufanya kazi, uko tayari kuhama, una uzoefu wa miaka mingapi. Programu inaweza kukuengua hapo kabla mtu yeyote hajasoma wasifu wako. Kosa la kawaida ni kuacha jibu ambalo fomu ilikuja nalo, au kuandika maneno kwenye kisanduku cha namba. Uzoefu uhesabu kwa miezi: miezi 7 sehemu moja na 11 sehemu nyingine ni 18, yaani mwaka mmoja na nusu. Kisanduku kikikataa desimali, andika 1, na hiyo nusu ionekane kwenye wasifu. Ukiandika 2, tarehe zako mwenyewe zitakuumbua.

Maswali ambayo kweli hayakuhusu ni mepesi. Yasiyo na nyota ya lazima yaache wazi. Yenye nyota yaandikie "Haihusiki", au 0 kama ni ya namba. Mshahara unaotarajia usiuwekee 0 ovyo: taja kiwango ambacho kweli utakikubali, baada ya kuangalia kama wanataka cha mwezi au cha mwaka, kabla ya kodi au baada yake. Na wakikutaka uandike upya yaliyomo kwenye wasifu, yaandike. "Tazama wasifu" ni jibu baya, kwa kuwa anayetafuta waombaji ndani ya mfumo anaweza kuwa anatafuta kwenye visanduku hivyo hivyo.

Maswali ya ndoa, watoto, dini, ujauzito na afya ni jambo zito zaidi. Sheria ya Usawa ya Uingereza ya mwaka 2010 inamzuia mwajiri, isipokuwa kwa sababu chache maalumu, kuuliza habari za afya kabla ya kukupa kazi. Marekani nayo, kwa sheria ya watu wenye ulemavu ya 1990, hairuhusu swali la ulemavu kabla mwajiri hajakuahidi kazi. Soma sheria ya nchi unakoomba. Pakiwa na chaguo la "Sipendi kujibu", lichague. Pasipokuwepo, andika: "Nitatoa taarifa hii ikihitajika baada ya kupewa kazi." Usidanganye hata kama swali halina adabu, maana mwisho wa fomu unathibitisha kuwa yote ni kweli, na uongo ukigundulika unaweza kufukuzwa kazi. Kama unahitaji msaada siku ya usaili, mathalani mkalimani wa lugha ya alama, hilo liseme mapema.

Ukiombwa nenosiri la barua pepe au akaunti yako nyingine, namba ya siri ya benki au ada ya maombi, funga ukurasa. Kwa kawaida huyo ni tapeli.

Fomu ikikwama kwenye swali lisilojibika, waandikie walioitangaza nafasi: "Naomba nafasi ya mhasibu. Swali la 14 linadai daraja la leseni ya udereva, nami sina leseni. Nijaze nini ili fomu ipokelewe?" Ambatanisha picha ya skrini, na utume siku kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho.