Kusubiri kitufe kwenye Commodore 64

Wana Tabora mnaochezea Commodore 64 (kompyuta ya zamani ya nyumbani) kwenye VICE, programu inayoiiga, acheni kitanzi cha GET, yaani kurudia amri ya kusoma kitufe mpaka kimoja kibonyezwe. Andikeni hivi:

50 POKE 198,0:WAIT 198,1:GET A$

Anwani 198 ya kumbukumbu huhesabu vitufe vilivyobonyezwa bila kusomwa. Vyenyewe hukaa anwani 631 hadi 640, yaani kumi tu. Msiruke POKE, inayorudisha hesabu hiyo kuwa sifuri. WAIT hapa husubiri biti ya 0 peke yake (tarakimu ya mwisho ya hesabu hiyo kwa mfumo wa 0 na 1) iwe moja, kwa hiyo vikibaki viwili biti hiyo ni sifuri, na programu itaganda mpaka kitufe cha tatu kibonyezwe. Wengi hudhani mashine imekufa.

RUN/STOP pekee haikatizi WAIT: shikilia pamoja na RESTORE (kwenye VICE, Esc na Page Up). VIC-20, kompyuta nyingine ya Commodore, nayo hutumia 198 hiyohiyo.