Mkonge mpya: mkato wa kwanza ufanyike lini?

Somo hili ni la wenye mkonge chotara 11648, mbegu iliyo kwenye mashamba mengi ya Korogwe, Muheza na Handeni. Usihesabu miezi peke yake. Shamba lililopaliliwa vizuri huwa tayari kati ya miaka 2 na 3. Lililoachwa nyasi zikasonga miche huchelewa zaidi, hata kama jirani mliyepanda naye msimu mmoja ameshaanza kukata.

Kwanza pima. Ingia katikati ya shamba na futi kamba, upime miche 20 hivi ya sehemu tofauti. Ile ya kando ya njia hupata nafasi na jua zaidi, itakudanganya. Jani la chini lifike sm 60 au zaidi. Likiwa fupi, singa (nyuzinyuzi za jani) nyingi hupotelea kwenye makapi ya korona, yaani mashine ya kukamulia majani, na mkataji umeshamlipa. Dalili nyingine ni majani ya chini kabisa kuanza kulala na kunyauka.

Kukata kwenyewe: anza chini, zunguka shina ukipanda. Jani lililoinama kupita nyuzi 45 kutoka wima ni lako, lililosimama liache. Kata karibu na shina kwa pigo moja safi, bila kulijeruhi shina. Ondoa mwiba wa ncha, kisha funga matita ya majani 30.

Hapa ndipo wengi huharibu. Mkato wa kwanza uache majani 25 hivi yaliyofunguka, bila kuhesabu yale ya katikati yaliyojikunja. Mmea hujilisha kwa majani hayo. Ukiyamaliza, yanayofuata hutoka mafupi na membamba, na hasara hiyo utaibeba mikato kadhaa. Mikato ya baadaye unaweza kushuka hadi majani 20.

Majani yafike korona siku hiyohiyo, yasizidi saa 48. Yakikauka, nyama hung'ang'ania singa na katani hupoteza weupe. Kilo 100 za majani mabichi hutoa kilo 3 hadi 4 tu za katani kavu, kwa hiyo korona ikiwa mbovu, usikate.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Shamba langu lina miezi 20, ada za shule zinanibana. Nikate kidogo?

Marahaba mwanangu. Pima kwanza. Jani la chini likifika sm 60, kata yaliyolala tu. Lisipofika, usiguse; afadhali uvune kunde ulizopanda kwenye nafasi ya mita 4 kati ya mistari pacha.

Mvua za masika zikiendelea, tukate?

Subirini zikatike. Chotara hii hushikwa kirahisi na ugonjwa wa milia, na vimelea vyake hupenda unyevu na kidonda kibichi. Mche wenye michirizi ya kijani iliyokolea na zambarau ukatwe mwisho, na kisu kisafishwe.

Kaka, nikichelewesha mwaka mzima majani si yatakuwa marefu zaidi?

Ya juu ndiyo, ya chini yatakauka shinani na singa zake umezipoteza. Isitoshe, wakataji hupata shida kupenya, na wengi watakuomba nyongeza ya malipo.

Mkato wa pili baada ya muda gani?

Miezi 9 hadi 12, kwa kipimo kilekile cha nyuzi 45. Kiangazi kikiwa kirefu, ongeza.